Mbwa Akikosa Makao: Kwa Nini Watu Huachana na Mbwa Wao, na Yapasayo Kufanywa

Mtu apitaye sokoni alfajiri, kabla ya wenye vibanda kufungua, hakosi kuona mbwa wawili watatu wakichakura takataka. Watu huwaita mbwa koko na kuwatupia mawe, kana kwamba wamezaliwa hapo jalalani. Lakini baadhi ya mbwa hao walikuwa na mwenyewe. Walipewa jina, wakalinda mlango wa mtu, kisha siku moja wakaachwa. Katika somo hili tutaeleza sababu zinazowafanya watu waachane na mbwa wao, hatari ya kumtupa mbwa ovyo, na njia njema ya kumpatia makao mapya.

SABABU ZA KUACHANA NA MBWA

Sababu ya kwanza ni kuhama. Tuchukue mfano wa mwalimu anayehamishwa kutoka Kitui kwenda Kisumu. Kitui mbwa wake alikuwa na ua mpana. Kisumu mwalimu amepata chumba kimoja cha kupanga, na mwenye nyumba amesema wazi kwamba hataki mbwa.

Sababu ya pili ni gharama. Mbwa hula kila siku, na bei ya unga ikipanda mabaki ya chakula hupungua. Akiugua, huhitaji dawa.

Sababu ya tatu ni uzazi. Mbwa jike huchukua mimba kwa muda wa siku 63 hivi, na aweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Aliyefuga mbwa mmoja hujikuta ana saba, na hana wa kumpa.

Ya nne ni tabia: mbwa anakula kuku wa jirani, anabweka usiku kucha, au ameuma mtu. Hapo yafaa mwenye mbwa ajiulize kwanza kama kosa si lake mwenyewe, kwa maana mbwa afungwaye mnyororo mchana kutwa na kupigwa bila sababu huwa mkali.

Ya tano ni ugonjwa au kifo. Mzee amefariki, watoto wake wako mjini, na mbwa amebaki amelala penye mlango uliofungwa.

Hakuna aibu katika sababu hizo. Aibu imo katika namna mtu anavyoachana na mnyama wake.

HATARI YA KUMTUPA

Wako watu wanaomtia mbwa garini usiku na kumshusha mbali, wakidhani kwamba atajitafutia riziki. Mbwa aliyezoea kulishwa hajui kuwinda. Atakwenda penye taka, atachanganyika na mbwa wengine, na hakuna atakayempeleka kuchanjwa.

Hapo ndipo jambo hili linapowagusa watu wote, kwa sababu ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo ulithibitishwa nchini Kenya mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa mmoja kandokando ya Nairobi, na mtu wa kwanza kujulikana kuwa ameupata alikuwa mwaka 1928. Dalili zikisha kuonekana, mgonjwa hufa karibu kila mara. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba watu 59,000 hivi hufa kwa kichaa hicho duniani kila mwaka, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Katika kila watu 10 wanaoumwa na mnyama adhaniwaye kuwa na kichaa, wanne hivi ni watoto wasiotimiza miaka 15.

Kinga iko tangu mwaka 1885, Louis Pasteur wa Ufaransa alipomchanja mtoto Joseph Meister, naye akapona. Mtu akiumwa, kidonda kioshwe papo hapo kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku ile ile, bila kungoja kuona kama mbwa ataugua. Lakini ni heri kuzuia kuliko kutibu. Mbwa utakayemtupa leo aweza kumwuma mtoto wa mtu usiyemjua.

NJIA NJEMA YA KUMPATIA MAKAO

Kwanza, jiulize kama huna budi kuachana naye. Kama shida ni uzazi, daktari wa mifugo aweza kumhasi dume au kumfunga jike kizazi. Kama shida ni kuku, huenda banda imara likatosha.

Pili, anza mapema. Usingoje siku ya kupakia mizigo. Waambie ndugu, majirani, na watu wa kanisani au kazini. Watoto wa mbwa wasitengwe na mama yao kabla ya kutimiza majuma 8.

Tatu, mchanje. Mtoto wa mbwa huchanjwa akiwa na miezi mitatu, na chanjo hurudiwa kila mwaka. Anayempokea mbwa akabidhiwe na cheti chake.

Nne, sema kweli. Kama mbwa ameuma mtu, au hapatani na watoto, sema. Akificha jambo hilo, mtoaji amempa mwenzake hatari ndani ya nyumba yake.

Tano, mwulize apokeaye. Je, ana ua? Watu wote wa nyumbani wamekubali? Waislamu wengi hawapendi mbwa aingie ndani ya nyumba, ingawa wako wanaomfuga nje kwa ulinzi, na desturi hiyo yapasa kuheshimiwa. Asiyeweza kueleza anamtakia nini mbwa, usimpe.

Sita, mpeleke wewe mwenyewe, pamoja na gunia alilozoea kulalia, ili asikie harufu ya kwao. Afungiwe uani kwa majuma mawili hivi, alishwe chakula kile kile alichozoea, na mwenyeji mpya amlishe kwa mkono wake. Mbwa aachiliwaye mapema hurudi kwao, na wengi hugongwa na magari njiani.

Asipopatikana mtu, kiko Chama cha Kulinda na Kutunza Wanyama cha Kenya, KSPCA, kilichoko Nairobi, ambacho hupokea wanyama na kuwatafutia makao. Kazi ya namna hiyo ni ya zamani. Mwaka 1860 mwanamke mmoja, Mary Tealby, alifungua London nyumba ya mbwa waliopotea. Wako waliomcheka, lakini kazi aliyoianza ingali ikiendelea Battersea. Na kama mbwa ni mgonjwa asiyepona, au ni mkali mno, daktari wa mifugo atamwua bila mateso. Usitumie sumu: humtesa mnyama, na yaweza kumdhuru mtoto au mifugo ya jirani.

Turudi kwa mwalimu wetu. Tuseme alimpa mbwa wake fundi viatu aliyekuwa akiibiwa ngozi. Fundi akamfungua siku ya pili, na usiku huo mbwa akarudi kulala penye mlango wa zamani. Mwalimu angeweza kufunga mizigo na kwenda zake. Badala yake alimrudisha kwa fundi, wakamfungia, na kila jioni akapita kumtazama mpaka siku ya safari. Siku hiyo ya mwisho mbwa alimwamkia kwa mkia, kisha akarudi kulala miguuni pa fundi. Hapo mwalimu alijua kwamba aweza kuondoka.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja sababu tano zinazowafanya watu waachane na mbwa wao. Ni ipi iliyo kubwa kijijini kwenu?

2. Kwa nini mbwa aliyetupwa ni hatari hata kwa watu wasiofuga mbwa?

3. Mbwa amekwisha kumwuma mtoto mmoja. Mwenyewe afanye nini kabla ya kumpa mtu mwingine?