Zana za Bustani ya Nyasi: Kuchagua, Kunoa na Kutumia

Kabla ya kununua zana yoyote, nini kiangaliwe kwanza?

Nyasi zenyewe. Ukoka, ambao wataalamu wa mimea huuita Cynodon dactylon, una majani membamba, hutambaa juu na chini ya udongo, na huvumilia kukatwa hadi sentimita 2 au 3. Nyasi za Kikuyu, ambazo asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki na leo zimeenea hadi Australia na Marekani, hukua haraka na kujenga tabaka nene la vikonyo. Hizo huachwa na kimo cha sentimita 3 hadi 5. Nyasi za majani mapana ziitwazo nyasi za Pemba, ambazo hupandwa sana kwenye nyumba na hoteli za pwani, huharibika zikinyolewa: mizizi hubaki wazi, jua huiunguza, na madoa ya kahawia hutokea. Kimo chake ni sentimita 5 hadi 7. Mashine isiyoweza kupandishwa au kushushwa kufuata vimo hivyo haifai, hata iuzwe kwa bei gani.

Baada ya nyasi huja ukubwa wa kiwanja na mwinuko wake. Kiwanja cha mita za mraba 60 mbele ya nyumba hakihitaji injini. Fedha ambazo zingenunua mashine ya petroli kwa kiwanja hicho zingenunua fyekeo zuri, tupa, reki, uma na mpira wa maji, na nyingine zikabaki.

Je, fyekeo bado lina nafasi yake?

Lina nafasi kubwa. Fyekeo, au kwanja kama wengine wanavyoliita, ni bapa refu la chuma lililopinda karibu na ncha, lenye makali pande zote mbili na mpini wa mbao. Hufika pasipofikika kwa magurudumu: kando ya mtaro, kwenye mteremko, baina ya mawe, na kwenye nyasi zilizofika magotini baada ya masika, ambazo zingesimamisha mashine ndogo.

Ubora wake hujulikana mkononi. Bapa likipigwa kidole hutoa mlio, halitikisiki kwenye mpini, na uzito wake huelekea ncha kiasi cha kulifanya lijibebe lenyewe linaporushwa. Mpini wenye mafundo hupasuka mapema. Anayefyeka vizuri hatumii nguvu za mkono pekee. Kiuno na bega huzunguka pamoja, na bapa hupita sambamba na ardhi. Miguu yote miwili hukaa nyuma ya njia ya fyekeo, na mtu mwingine yeyote hukaa mbali.

Udhaifu wa fyekeo ni usawa. Hata mkono uliozoea huacha mawimbi, sehemu moja fupi na nyingine ndefu. Kwa uwanja unaotakiwa kuwa kama zulia, mashine hushinda.

Mashine za kukatia nyasi zinatofautianaje?

Ziko za namna mbili kuu, na tofauti yake iko kwenye namna ya kukata. Ya kwanza ina visu vilivyopindwa kuzunguka silinda. Silinda inapozunguka, visu hivyo hupita juu ya kisu kimoja kilichotulia chini, na jani hukatwa baina yake kama kwa mkasi. Hii ndiyo mashine ya zamani zaidi. Ilibuniwa na Edwin Budding wa eneo la Stroud, Uingereza, aliyepata hataza yake mwaka 1830. Wazo alilitoa kwenye viwanda vya nguo vya eneo lake, ambamo mashine ya visu vya kuzunguka ilinyoa manyoya ya juu ya kitambaa cha sufu. Kabla ya hapo, bustani za matajiri zilikatwa kwa fyekeo refu la mikono miwili au kuachiwa kondoo.

Ya pili ina kisu kimoja bapa chini ya mfuniko, kinachozunguka karibu mara 3,000 kwa dakika. Haina kisu cha kukutana nacho. Hukata kwa kasi peke yake. Huvumilia nyasi ndefu, majani makavu na ardhi isiyo sawa, na ndiyo sababu imeenea kuliko nyingine.

Mashine ya silinda inayosukumwa kwa mkono haina injini wala kelele, na kwa ukoka uliokatwa kila wiki hakuna inayoishinda kwa unadhifu. Hukwama kwenye nyasi ndefu na kijiti kidogo tu huizuia. Inapochaguliwa dukani, ukanda wa karatasi huingizwa baina ya visu na silinda kuzungushwa taratibu. Karatasi ikikatwa safi kutoka mwanzo wa kisu hadi mwisho, visu vimekaa sawa. Ikikunjika au kuchanika, vinahitaji kurekebishwa.

Umeme, betri au petroli?

Mashine ya waya wa umeme ni nyepesi na haihitaji matunzo mengi, lakini hufuata waya wake, na waya huo ukipitiwa na kisu ni hatari ya kifo. Haitumiki kamwe kwenye nyasi zenye maji. Ya betri huondoa waya. Betri zake huchoka haraka zikihifadhiwa kwenye joto, kwa hiyo kibanda cha mabati kinachopigwa na jua si mahali pake.

Petroli hufaa viwanja vikubwa na mahali umeme unapokatika mara kwa mara. Mashine nyingi za kusukuma zina injini ya mipigo minne, ambayo oili yake ina tangi lake. Mashine nyingi za kufyekea zinazobebwa begani zina injini ya mipigo miwili, ambayo oili huchanganywa na petroli. Kwa uwiano wa 50 kwa 1, lita 1 ya petroli huchukua mililita 20 za oili. Kwa 25 kwa 1, mililita 40. Uwiano sahihi umeandikwa na mtengenezaji. Petroli tupu ikitiwa kwenye injini ya mipigo miwili huikausha na kuiua kwa muda mfupi.

Makali butu yana madhara gani hasa?

Jibu liko kwenye ncha ya jani. Siku mbili baada ya kukata, jani moja lichumwe na kutazamwa karibu na jicho. Lililokatwa kwa kisu kikali lina ncha iliyonyooka, yenye mstari mwembamba tu uliokauka. Lililokatwa kwa kisu butu halikukatwa, limechanwa: nchani kuna nyuzi nyeupe zilizotawanyika kama kamba iliyofumuka. Kila uzi ni jeraha linalopoteza maji na kukaribisha ukungu. Bustani nzima ikiwa hivyo huonekana kijivu kwa mbali, na mwenyewe hudhani imekosa maji au mbolea, akaongeza vyote viwili, kumbe kosa liko kwenye kisu. Zana ya bei ndogo yenye makali huzidi mashine ya bei kubwa iliyo butu.

Kisu cha mashine hunolewaje?

Kwanza kofia ya plagi huvutwa, ili injini isiwake kisu kinapozungushwa. Mashine hulazwa upande utakaoacha filta ya hewa juu, vinginevyo oili huingia kwenye filta na kabureta. Kipande cha mbao hukizuia kisu, nati ikafunguliwa kwa spana.

Kisu hubanwa kwenye jiliwa. Tupa hufuata mwinamo uleule wa kiwandani, na husukumwa mbele tu. Wakati wa kurudi huinuliwa, kwa sababu meno yake hukata upande mmoja. Hakuna haja ya makali ya wembe, maana makali membamba mno hukunjika kwenye jiwe la kwanza.

Kisha huja hatua inayorukwa na wengi. Kisu hutundikwa kwa tundu lake la katikati kwenye msumari uliopigwa ukutani. Upande ukishuka, ndio mzito, na huo ndio unaoongezwa tupa mpaka kisu kitulie kikiwa sawa. Kisu kisicho na mizani hutikisa mashine nzima na kula beringi. Kunoa kila baada ya saa 20 hadi 25 za kazi kunatosha. Kwenye mchanga wa pwani, mapema zaidi.

Kiasi gani kikatwe kwa mara moja?

Kisizidi theluthi moja ya kimo. Nyasi zinazotakiwa kubaki sentimita 4 hukatwa zikifika 6. Wakati wa mvua hiyo inaweza kuwa kila wiki. Kiangazi, mara moja kwa wiki tatu au zaidi. Zilizopita kiasi hushushwa kwa awamu mbili au tatu. Vipande vifupi huachwa vioze palepale na kurudisha naitrojeni kwenye udongo. Virefu vilivyolala kwa mafungu hukusanywa kwa reki, maana huziba hewa.

Zana gani nyingine ni za lazima?

Uma wa bustani. Udongo uliokanyagwa na watoto au magari hukataa maji, na uma ukizamishwa sentimita 8 hadi 10, kila baada ya hatua fupi, huufungua. Kwa kumwagilia, makopo mawili matatu yaliyonyooka hutegwa kwenye nyasi: yakifika milimita 25, kiwanja kimepata lita 25 kwa kila mita ya mraba, kiasi kinachotosha wiki moja ya kawaida.

Hatari huepukwa vipi?

Mawe, mifupa na vipande vya waya huokotwa kabla ya kuwasha, kwa sababu kisu huvirusha kwa kasi ya kuvunja kioo. Viatu vigumu na miwani ya kinga huvaliwa, kandambili haziruhusiwi. Watoto hukaa ndani. Kwenye mteremko, mashine ya kusukuma huenda kwa kukingama, si kupanda na kushuka, ili anayeteleza asiivutie miguuni. Petroli huongezwa injini ikiwa imepoa.

Mashine iliyotumika ikaguliwe nini?

Iwashwe ikiwa baridi; muuzaji aliyeipasha mapema huenda anaficha ugumu wa kuwaka. Moshi wa buluu usiokoma ni oili inayoungua ndani. Injini ikishazimwa na kofia ya plagi kuvutwa, kisu kizungushwe kwa mkono uliovaa glavu: ncha zake zikipita kwa vimo tofauti, kisu au shafti imepinda, na shafti iliyopinda haifai kununuliwa. Kabla ya kulipa, fundi wa karibu aulizwe kama vipuri vyake vinapatikana.

Zana zihifadhiwe vipi kiangazi?

Tangi humwagwa na injini kuachwa iwake mpaka izime, ili petroli isigeuke gundi ndani ya kabureta. Nyasi zilizogandamana chini ya mfuniko hukwanguliwa, kwa kuwa unyevu wake hula chuma. Fyekeo na uma huoshwa, hukaushwa na kupakwa oili kidogo, kisha hutundikwa bila kugusa sakafu.