Broka wa Mizigo: Pata Faida Yako Bila Kumuumiza Dereva

Ukiwa Kambi Muru au Kawangware na simu yako ina namba za madereva wa pikapu, kenta na lori, tayari una mtaji. Mama anahama nyumba, fundi anataka mchanga, mtu wa hadwea anangoja mabati kutoka Industrial Area. Wote wanakupigia wewe kwanza. Wewe huna gari, lakini unajua nani ana gari, lipo wapi na linabeba nini. Hiyo ndiyo kazi ya broka.

Shida ni kwamba mabroka wengi hufanya kazi mwezi mzima, pesa nyingi hupita kwenye simu, na mwisho wa mwezi hawajui walipata nini. Somo hili litakuonyesha jinsi ya kupanga bei, kuongea na dereva na kulinda faida yako.

1. Jua gharama ya dereva kabla ya kutaja bei

Ukimuuliza dereva "utanifanyia ngapi?" bila hesabu yako mwenyewe, hutajua kama bei yake ni ya haki au anakupima tu. Tuchukue mfano: mbao na mabati kutoka Gikomba hadi Kambi Muru kwa kenta. Bei hizi ni za kufanyia hesabu tu. Weka za kwako.

- Dizeli, kwenda na kurudi tupu: lita 6 kwa shilingi 170 = 1,020
- Dereva: 1,000
- Tanboi: 500
- Paking na vitu vidogo vya njiani: 300
- Mwenye gari (magurudumu, sevisi, bima, mkopo): 1,500

Jumla ni shilingi 4,320. Hapo ndipo sakafu ilipo. Ukimsukuma dereva chini ya hapo, mtu ataumia, na mara nyingi atakayeumia ni wewe. Dereva aliyebanwa sana atachukua mzigo mwingine juu ya wako, atachelewa, au atamwachia mteja namba yake ili safari ijayo wasikuhitaji.

Kumbuka pia kwamba bei ya mafuta hubadilika. EPRA hutangaza bei mpya tarehe 14 ya kila mwezi, na hutumika kuanzia tarehe 15. Ukimpa mteja bei tarehe 10 kwa kazi ya tarehe 20, mwambie mapema kwamba bei hiyo ni hadi tarehe 14.

2. Usisahau mwendo wa mwisho

Kawangware, kenta mara nyingi itafika karibu na mlango wa mteja. Kambi Muru ni hadithi nyingine. Vichochoro ni vyembamba, kwa hivyo gari linasimama barabarani na mzigo unamaliziwa kwa mkokoteni au begani. Broka mgeni husahau gharama hii, kisha huilipa kutoka mfukoni mwake.

Katika mfano wetu, weka tripu 6 za mkokoteni kwa shilingi 150 kila moja. Hiyo ni 900.

3. Ongea na dereva kwa habari kamili

Dereva hupandisha bei kwa sababu hajui anachoenda kukutana nacho. Mpe habari, na bei itashuka bila kelele. Mazungumzo mazuri huenda hivi:

"Kiongozi, nina mbao na mabati, Gikomba hadi Kambi Muru. Saa mbili asubuhi mzigo uko tayari, wapakiaji wako hapo. Unashusha barabarani, mkokoteni utachukua."

"Hiyo ni sita na nusu."

"Mafuta, wewe na tanboi nimeshahesabu. Elfu tano, na mbili unapata mara tu ukimaliza kupakia."

"Na nikikaa nikingoja?"

"Saa ya kwanza ni yetu sote. Ikipita, mia tatu kila saa."

"Sawa, tuma lokesheni."

Angalia: broka hakuomba huruma wala hakutisha. Alitaja kazi, akataja malipo ya haraka, akakubali pesa ya kusubiri. Kwa dereva, elfu tano za uhakika leo ni bora kuliko sita na nusu za kufuatiliwa wiki nzima.

4. Hesabu faida yako sawasawa

Gari 5,000 na mkokoteni 900 ni 5,900. Ukimtoza mteja 7,000, kinachobaki ni 1,100. Hiyo ni kama asilimia 16 ya pesa aliyolipa mteja, si asilimia 19. Asilimia 19 unaipata ukigawanya kwa gharama. Chagua njia moja na uitumie kila mara, la sivyo utajidanganya.

Bado hatujamaliza. Toa nauli yako 200, na muda wa maongezi pamoja na ada za kutuma pesa 100. Faida halisi ni 800.

Sasa fikiria mvua imenyesha na watu wa mkokoteni wamechelewa. Gari limesimama saa tatu; saa ya kwanza ni bure, mbili zinalipwa. Hiyo ni 600. Umebaki na 200 kwa kazi ya siku nzima. Ndiyo maana pesa ya kusubiri lazima ikubaliwe na pande zote mbili. Aliyechelewesha ndiye alipe, na mteja aambiwe hivyo kabla ya gari kuwashwa.

5. Pesa ya dereva si yako

Mteja akikutumia 7,000, simu inaonyesha elfu saba, lakini zako ni chache sana. Fanya hivi:

- Pokea malipo kwenye akaunti ya biashara, si laini unayonunulia unga.
- Lipa dereva kwa awamu: 2,000 baada ya kupakia, 3,000 mzigo ukipokelewa.
- Kabla ya kutuma, soma jina linaloonekana. Kama si la dereva mliyekubaliana, mpigie kwanza.
- Usiachilie mzigo kwa sababu ya ujumbe wa malipo pekee. Angalia salio lako. Ujumbe unaweza kughushiwa.
- Usimpe mtu yeyote namba yako ya siri, hata akisema anapiga kutoka kwetu.
- Hifadhi kila ujumbe wa muamala. Kukitokea ubishi, huo ndio ushahidi wako.

6. Sema kazi yako waziwazi

Mteja na dereva watakutana na wataongea. Dereva akijua mteja amelipa 7,000 na yeye alidhani ni 5,500, ataona umemla. Kwa hivyo waambie mapema: bei hii ina gari, mkokoteni, na pesa yangu ya kupanga kazi. Usiogope kusema. Ukitafuta gari, ukifuatilia mzigo na kujibu simu usiku, hiyo ni kazi, na kazi hulipwa.

Zoezi la wiki hii

Fungua taarifa ya miamala yako na uchague safari tatu za mwisho. Kwa kila moja andika: mteja alilipa ngapi, dereva alipata ngapi, gharama zako zilikuwa ngapi, kilibaki nini. Safari iliyokuachia chini ya ulichotarajia, tafuta pesa zilipotelea wapi: kusubiri, mkokoteni au mafuta. Hapo ndipo utakapoanzia mazungumzo yako yajayo.