Kila Mwamba Ngozi Huvutia Kwake: Je, ni Kweli?

Yako maneno yasikikayo sana katika mji wa Tunduma, wala si Tunduma peke yake, bali kila mahali watu wakutanapo kwa kuuza na kununua: "Kila mwamba ngozi huvutia kwake." Huyasema mbadilisha fedha mwenye shilingi mkono mmoja na kwacha mkono wa pili. Huyasema mnunuzi wa mahindi atokaye mbali. Huyasema hata kijana apakuaye mizigo, akiisha kupunjwa ujira wake. Methali hiyo ina ukweli ndani yake. Lakini wako walioichukua wakaifanya kuwa elimu nzima juu ya mwanadamu. Hao husema kwamba hakuna mtu atendaye tendo lolote ila kwa faida yake mwenyewe, na kwamba huruma ni ubinafsi uliovaa nguo safi.

Somo letu la juma hili ni kuyapima maneno hayo. Wala tusidhani kwamba ni jambo la wanavyuo tu. Mtu akiisha kuamini kuwa kila mmoja hutafuta chake tu, hawezi tena kumwamini jirani. Hata akitendewa mema hutafuta hila iliyofichika. Na baya zaidi, hujipa ruhusa ya kutenda apendavyo, akisema, "Wote ndivyo walivyo." Hapo maadili yote huanguka, maana hakuna amlaumuye mwingine kwa jambo lisiloepukika.

1. Hoja ya wanaofundisha ubinafsi

Miongoni mwa wenye fikra waliolieleza jambo hili kwa nguvu ni Mwingereza Thomas Hobbes (1588–1679). Katika kitabu chake "Leviathan", kilichotoka mwaka 1651, alifundisha kwamba kila atendapo mtu kwa hiari yake, hulenga jema fulani lake mwenyewe. Na kwamba pasipo serikali ya kuwatisha, watu wangekuwa vitani kila mmoja na mwenzake.

Rafiki yake John Aubrey amesimulia habari moja juu yake. Siku moja huko London mzee maskini na dhaifu alimwomba sadaka. Hobbes alimtazama kwa huruma, akampa fedha. Mtu wa dini aliyesimama karibu akamwuliza kama angalitoa hata kama Kristo asingaliamuru. Akajibu kwamba angalitoa. Alipoulizwa sababu, alisema kwamba aliumia alipoifikiri hali ya mzee yule, na kwamba sadaka ile, pamoja na kumpunguzia mzee shida, ilimpunguzia yeye naye uchungu wake.

Hiyo ndiyo hoja yao kwa ufupi: ampaye maskini hujipa mwenyewe utulivu wa moyo, basi amejitendea mwenyewe. Watu wengi hushindwa na hoja hii, maana ni kweli kabisa kwamba atendaye mema huona raha moyoni.

2. Tunda si mzizi

Jibu lilitolewa vizuri na Joseph Butler, mhubiri wa Kiingereza ambaye baadaye alifanywa askofu, katika hotuba zake zilizochapwa mwaka 1726. Alionyesha kwamba tusichanganye kitu tunachokitaka na raha inayofuata tukiisha kukipata. Mtu mwenye njaa ataka chakula. Raha ya kushiba yaja baadaye, wala isingalikuja kama asingalikitaka chakula kwanza.

Tutwae mfano wa karibu. Mama mmoja wa kijiji cha Mbozi ambeba mtoto mgonjwa usiku, ampeleka hospitali ya Vwawa. Mtoto apona, mama afurahi. Je, tuseme kwamba mama alitembea usiku kwa ajili ya kuitafuta furaha yake? La hasha. Alifurahi kwa sababu alimpenda mtoto. Asingalimpenda, kupona kwake kusingalimletea furaha yoyote. Furaha ni tunda, upendo ni mzizi. Nao wabinafsi hulishika tunda wakaliita mzizi.

Turudi sasa kwa Hobbes na mzee wake. Kwa nini aliumia alipomwona? Shida haikuwa yake. Wala miguu iliyodhoofika haikuwa yake. Aliumia kwa sababu moyo wake ulikuwa na huruma. Tena, kama shabaha yake ilikuwa kuuondoa uchungu wake tu, ilikuwako njia nyepesi isiyogharimu hata senti: kugeuza uso na kupita. Wengi huifuata njia hiyo kila siku. Yeye hakuifuata. Basi mkono wake ulishuhudia kinyume cha kitabu chake.

3. Kujipenda na ubinafsi ni mambo mawili

Hapa yafaa kutenga mambo mawili. Kujipenda si dhambi. Mkulima alimaye ili watoto wake wale, mfanyabiashara atakaye faida ya halali, dereva aombaye mshahara unaomtosha, hao hawatendi ubaya. Amri ya kumpenda jirani kama nafsi yako yaonyesha kuwa mtu aweza kuipenda nafsi yake kwa haki. Ubinafsi ni kitu kingine: ni kujifanya wewe peke yako ndiwe mtu, na wengine wote kuwa vyombo vyako.

Tena, tamaa mara nyingi haimpendi hata mwenyewe. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka karibu na Msamvu, Morogoro. Watu wengi walikimbilia kuchota petroli iliyomwagika. Moto ukalipuka, na watu zaidi ya 100 wakafa. Nchini Kenya, huko Sachangwan karibu na Molo, msiba wa namna hiyo ulikwisha kutokea mwezi Januari 2009, nao uliua zaidi ya 100. Hatusemi haya ili kuwahukumu marehemu. Wengi walikuwa maskini waliosukumwa na shida, na wengine walikuwa wapita njia tu. Lakini msiba huo watufundisha jambo moja. Je, aliyehatarisha uhai wake kwa ajili ya ndoo ya petroli alijitafutia faida? Kama angalijipenda kwa akili, angalikimbia upande mwingine. Basi si kweli kwamba mwanadamu huongozwa sikuzote na hesabu ya faida yake.

Njia kuu ipitayo mkoani Songwe, kutoka Mbeya kwenda Tunduma, hupitiwa na malori mengi mchana na usiku, na mteremko wa Senjele wajulikana kwa ajali zake. Lori lianguкapo, watu wa namna mbili huja mbio: wako wanaokimbilia mzigo, na wako wanaokimbilia dereva. Ngozi ni ile ile na barabara ni ile ile. Mioyo ndiyo mbalimbali. Asemaye kwamba wote ni wabinafsi sawasawa hawezi kutueleza tofauti hiyo, ambayo hata mtoto mdogo aiona.

4. Huruma yahitaji haki

Mjerumani Arthur Schopenhauer, katika maandiko yake ya mwaka 1840 juu ya msingi wa maadili, alisema kwamba mambo matatu humsukuma mwanadamu: ubinafsi utakao jema langu, ukatili utakao baya la mwenzangu, na huruma itakayo jema la mwenzangu. Akafundisha kwamba tendo lina thamani ya kiadili likitoka katika huruma tu.

Amesema kweli kwa sehemu, lakini haitoshi. Huruma huona kilicho karibu na machozi yaliyo mbele ya macho. Tena huchoka upesi. Mtakatifu Thomas wa Akwino, karne ya 13, alifundisha kwamba huruma ni uchungu wa moyo kwa ajili ya taabu ya mwingine, utusukumao kumsaidia tukiweza. Walakini huwa fadhila pale tu iongozwapo na akili na isipovunja haki.

Fikirini gunia la lumbesa. Mnunuzi afika shambani, atwaa gunia, alijaza hadi juu ya mdomo, alishonea kichwa kikubwa, kisha alilipa kama gunia moja la kawaida. Sheria ya vipimo yakataza, nayo sababu yake yaeleweka: mkulima auza mengi na kulipwa machache. Mnunuzi huyo huyo, akisikia kwamba mke wa mkulima ni mgonjwa, pengine atatoa noti mfukoni kwa machozi ya kweli. Huruma anayo. Lakini alichompa kwa mkono wa kulia ni kidogo kuliko alichomwibia kwa mkono wa kushoto. Mkulima hahitaji kwanza huruma yake. Ahitaji mizani yake.

Naye Immanuel Kant, mwaka 1785, alitoa mfano wa mwenye duka asiyempunja mnunuzi mjinga. Tendo ni jema. Lakini aweza kulitenda kwa hofu ya kupoteza wateja tu. Mfano huo wafaa sana mpakani. Mbadilisha fedha hutoa kiwango cha haki kwa mtu wa Tunduma au wa Nakonde, amjuaye na ambaye atarudi kesho. Je, atampa kiwango kile kile dereva mgeni apitaye mara moja kuelekea Lubumbashi, asiyeijua bei, wala hatarudi kulalamika? Hapo ndipo uaminifu hujulikana kama ni wa moyo au wa hesabu.

5. Mfano mkubwa uliopita katika mji huu

Labda mtu atasema, "Hayo yawezekana kwa mtu mmoja mmoja, lakini mataifa hayana huruma." Basi tutazame habari iliyopita katika Tunduma yenyewe.

Zambia ilipata uhuru tarehe 24 Oktoba 1964. Ni nchi isiyo na bahari, na reli yake ilipita kusini, katika Rhodesia. Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith na walowezi wenzake walijitangazia uhuru wao ili kuudumisha utawala wa wachache. Uingereza ilipozuia mafuta yasiingie Rhodesia mwezi Desemba, Rhodesia nayo iliyakata mafuta ya Zambia. Ndipo mapipa ya mafuta yalipoanza kupakiwa katika malori Dar es Salaam, yakapita Tunduma kwenda Zambia. Sehemu kubwa ya njia haikuwa na lami. Masika iligeuka kuwa tope, na madereva waliiita njia ya jehanamu. Mwezi huo huo Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa ajili ya jambo la Rhodesia, na mkopo wa pauni milioni 7.5 uliokuwa utoke Uingereza ukazuiliwa. Kwa nchi maskini hiyo haikuwa hasara ndogo.

Mataifa ya Magharibi na Benki ya Dunia hayakukubali kuigharimia reli, yakisema haitalipa. China ilikubali, kwa mkopo usio na riba. Ujenzi ulianza mwaka 1970, na mwaka 1976 reli yenye urefu wa kilometa 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ikakabidhiwa. Watanzania na Wazambia walikufa katika kazi hiyo, na Wachina zaidi ya 60.

Mwenye ubinafsi atasema: China ilitafuta marafiki, na Tanzania ilitafuta mizigo kwa bandari yake. Hatukatai kwamba faida ilikuwamo. Moyo wa mtu huwa na sababu nyingi kwa pamoja, na moyo wa serikali zaidi. Lakini mwenye kutafuta faida tu asingaliuacha mkopo wa pauni milioni 7.5 mwaka 1965, wakati reli ilikuwa haijapatikana na hakuna aliyejua kama itapatikana. Gharama ililipwa kwanza. Faida ilikuja nyuma yake, kama tunda lijavyo nyuma ya mzizi.

Wala si ajabu kwamba marais wa nchi hizo mbili waliandika juu ya maadili. Julius Nyerere, mwaka 1962, aliueleza ujamaa kuwa kwanza ni hali ya moyo na mawazo; Kenneth Kaunda, mwaka 1967, alitoa mafundisho yake ya utu kwa Zambia. Siasa zao za uchumi zimebishaniwa sana, na nyingine zimeachwa. Lakini swali lao halijaachwa: mtu ni nani kwa mtu?

6. Lipi tufanye?

Mkoa wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016, na kituo cha huduma za pamoja mpakani Tunduma na Nakonde kilifunguliwa mwaka 2019. Mambo hayo husaidia biashara. Lakini hakuna jengo wala sheria iwezayo kumfanya mtu mwaminifu pale asipoonwa.

Turudi basi kwa methali yetu. Mwamba ngozi huvutia kwake, naam. Lakini ngoma haiwambwi kwa upande mmoja. Ngozi huvutwa pande zote kwa kipimo, ndipo ngoma hulia. Ivutwapo na mmoja kwa nguvu zote, hupasuka, wala yeye mwenyewe hapati ngoma.

Kila msomaji na ajiulize juma hili swali moja, wala asiliulize juu ya jirani bali juu yake mwenyewe: "Jambo hili nilitendalo, ningalilitenda hata kama nisingalipata kitu, wala hapana anionaye?" Mwenye mizani aijibu kwa mizani yake, mwenye lori kwa lori lake, mwenye ofisi kwa muhuri wake. Na akimkuta mgeni njiani usiku karibu na lori lililoanguka, amtazame kwanza dereva, ndipo autazame mzigo.