Siagi ya Mapera

Siagi ambayo kila mtu anaijua hutoka katika maziwa ya ng'ombe. Lakini iko siagi nyingine isiyo na hata tone moja la maziwa, nayo ni siagi ya matunda. Matunda hupikwa polepole, hupondwa, huchujwa, kisha hutiwa sukari na viungo, na kupikwa tena hata yawe mazito na laini, yenye rangi ya kahawia. Watu huyapaka juu ya mkate kama siagi. Jina limetoka hapo. Konfitiri ni ndugu yake, lakini si kitu kimoja. Konfitiri ina sukari nyingi na mara nyingi ina vipande vya matunda, nayo huganda. Siagi ya matunda haina vipande, sukari yake ni kidogo, tena inataka moto mdogo na mkono usiochoka.

Kazi hii ni ya zamani katika nchi za baridi. Huko miti huzaa mara moja kwa mwaka, na baadaye inakuja miezi ambayo haina hata jani. Basi watu walitafuta namna ya kuweka akiba. Mashariki ya Ubelgiji, katika nchi ya Herve karibu na mji wa Liège, watu huchemsha matufaha na mapeasi hata yawe kama asali nyeusi. Wajerumani waliohamia Pennsylvania, katika Marekani, katika miaka ya 1700, walichukua ujuzi wa namna hiyo pamoja nao. Kule walipika matufaha nje ya nyumba, katika chungu kikubwa cha shaba. Mwiko wao ulikuwa na mpini mrefu sana, ili mpishi asimame mbali na moto. Kazi ilichukua siku nzima, na majirani walipokezana mwiko.

Kivu haina baridi kama ile, lakini ina mapera. Mpera si mwenyeji wa Afrika. Asili yake ni nchi za joto za Amerika. Leo umezoea hata mtu hahitaji kuupanda: ndege hula tunda, huangusha mbegu, na mti unaota nyuma ya nyumba. Msimu ukifika, mapera huiva yote pamoja. Watoto hula hata wachoke. Yanayobaki huanguka chini, nzi wanakuja, na baada ya siku tatu hayafai kitu.

Mama mmoja, mwenye shamba juu ya kilima kinachoelekea ziwa, alikuwa na mipera mitano. Kila msimu alijaza kikapu na kukipeleka sokoni, mwendo wa saa mbili. Lakini siku hiyo wanawake wote walikuja na mapera. Nani atanunua? Alirudi na nusu ya mzigo, na nguruwe ndio walioshiba. Msimu mwingine akaenda kwa jirani yake, aliyepata kufanya kazi ya jikoni mjini, akajifunza. Kisha akatoa fedha ya maharagwe, akanunua kilo moja ya sukari na viungo kidogo.

Mumewe alipoona sukari alinyamaza kwanza, halafu akasema: “Mama wa watoto, fedha ile ilikuwa ya madaftari. Hii ikiungua, watoto wataandika juu ya nini?”

“Haitaungua, baba,” akajibu. Lakini usiku ule hakulala vema.

Asubuhi alichagua kilo nne za mapera yaliyoiva, yenye harufu nzuri. Yaliyooza aliyatupa. Wengine hufikiri kwamba tunda baya likipikwa linakuwa jema. Sivyo, ubaya wake unaingia katika chungu chote. Aliyaosha, akakata ncha zake, akayagawanya vipande vinne vinne, bila kumenya ganda. Akatia vikombe viwili vya maji tu, ili yasishike chini. Baada ya nusu saa yalikuwa laini. Akayaponda, akayasukuma katika kichujio kwa mgongo wa mwiko. Mbegu za mapera ni ngumu kama changarawe, zinaumiza meno. Zote zilibaki juu. Chini ilipatikana rojo laini, vikombe kumi na viwili. Kwa rojo hiyo alitia vikombe vinne vya sukari na maji ya ndimu mbili.

Sufuria yake ilikuwa ya chuma kilichopakwa rangi ya kioo, tena pana. Upana ni jambo kubwa, kwa sababu kazi ya moto hapa ni kuondoa maji, na mvuke unatoka upesi mahali penye uwazi. Sufuria ya shaba yataka uangalifu. Uchachu wa matunda hula shaba, na kutu yake ya kijani ni sumu. Wazee wa Pennsylvania walisugua vyungu vyao kwa siki na chumvi hata ving'ae, mbele ya kutia tunda lolote.

Halafu viungo. Mdalasini ni ganda la ndani la mti. Karafuu ni chipukizi la ua, linalochumwa kabla halijafunguka na kukaushwa juani. Visiwa vya Unguja na Pemba vimejulikana kwa karafuu tangu karne ya 19. Mama alichukua kijiti kimoja cha mdalasini, kipande cha tangawizi kama kidole gumba, na karafuu nne. Nne tu! Karafuu ni kali: ikizidi, ulimi unakufa ganzi na ladha ya pera inapotea. Alivifunga katika kitambaa safi, akakiweka ndani ya sufuria, ili mwishoni akitoe chote mara moja.

Sasa ilianza kazi yenyewe. Rojo nzito haichemki kama maji. Mvuke unashikwa chini, halafu unapasuka ghafula na kurusha matone ya moto, kama mlima wa moto unavyorusha mawe. Tone moja likiangukia mkono linashika na kuunguza vibaya. Kwa hiyo watoto wadogo walikaa mbali, na binti mkubwa alijifunga kitambaa mkononi. Mama alimpa mwiko: “Pitisha chini, mwanangu, na pembeni pia. Sukari hutafuta chini.”

Binti alikoroga saa nzima. Kisha wenzake wakapita njiani na mitungi yao, wakamwita. Aliweka mwiko kando kwa kitambo kidogo tu, akaenda hata kwenye ua. Harufu ndiyo iliyomrudisha. Alikimbia, akataka kukwangua chini kwa nguvu.

“Usikwangue!” mama akasema. Alishika sufuria kwa majani ya mgomba, akamimina rojo ya juu katika sufuria ya pili, polepole, na kuacha chini ile iliyoshika. Mtu akikwangua, weusi huenea na uchungu unaingia pote. Akihamisha bila kugusa chini, ya juu inapona. Mama alionja, na mumewe akaonja vilevile. Ilikuwa njema. Kikombe kizima kilipotea, lakini madaftari hayakupotea yote. Binti alichukua tena mwiko, na wenzake walipopita mara ya pili hakugeuza kichwa.

Namna gani kujua kama imeiva? Mama aliweka kijiko kimoja juu ya sahani baridi, akangoja. Mara ya kwanza maji kidogo yalitoka na kuizunguka kama pete: bado. Baada ya robo saa alijaribu tena. Ilikaa kama kichuguu kidogo, bila pete ya maji. Hapo alitoa kitambaa cha viungo.

Chupa zenye mdomo mpana zilikuwa zimechemshwa tayari. Aliijaza siagi ingali moto, akabakiza nafasi ndogo juu, akafuta midomo ya chupa, akafunga vifuniko. Zikapatikana chupa sita, kila moja robo ya lita. Halafu akazirudisha katika maji yanayochemka, yenye kuzifunika kabisa, kwa dakika kumi na tano. Kitabu cha nchi za chini kingesema dakika tano au kumi. Lakini Bukavu na Goma ziko juu ya bahari karibu meta 1,500, na pale maji huchemka kwa digrii 95 hivi, si 100 kama kule Muanda kando ya bahari. Maji yenye joto pungufu yanahitaji dakika zaidi ili kuua vijidudu.

Mfaransa Nicolas Appert ndiye aliyeonyesha watu njia ya kuchemsha chakula katika chupa zilizozibwa. Mwaka 1810 serikali ya Ufaransa ilimpa faranga 12,000 kwa kazi hiyo. Kumbe yeye mwenyewe hakujua kwa nini chakula hakikuoza! Ni baadaye, katika miaka ya 1860, Louis Pasteur alipoonyesha kwamba vijidudu ndivyo vinavyoharibu, na joto huviua.

Hata hivyo kijidudu kimoja hushinda maji yanayochemka. Hukaa udongoni, hupenda chupa iliyozibwa isiyo na hewa, na sumu yake huweza kuua mtu. Lakini hakiwezi kukua penye uchachu wa kutosha. Pera lina uchachu wake, na ndimu inauongeza. Papai na ndizi zina uchachu kidogo sana. Mtu asizitie katika chupa za akiba kama mapera. Afadhali apike kidogo na kula mara moja.

Chupa ambayo kifuniko chake kimevimba, au inayotoa povu, au yenye harufu ngeni, hutupwa bila kuonjwa. Yenye ukungu juu hutupwa vilevile. Wengine huondoa ukungu kwa kijiko na kula chini yake, kwa kuhurumia sukari. Macho huona ukungu wa juu tu. Nyuzi zake hushuka ndani. Na chupa ikifunguliwa katika nyumba isiyo na friji, inafaa kumalizika kwa siku chache. Ndiyo sababu chupa ndogo ni bora kuliko kubwa.

Mama aliuza chupa nne, miezi miwili baada ya msimu, wakati hakuna pera sokoni. Fedha ya sukari ilirudi, na madaftari yakanunuliwa. Chupa ya tano ililiwa nyumbani kwa viazi vitamu. Ya sita alimpelekea yule jirani.

Maswali
1. Siagi ya matunda na konfitiri zinatofautianaje?
2. Kwa nini mama hakukwangua sufuria iliyoungua?
3. Katika Bukavu chupa huchemshwa muda mrefu kuliko Muanda. Elezeni sababu.
4. Kwa vikombe kumi na viwili vya rojo mama alitia vikombe vinne vya sukari. Mwenye vikombe tisa vya rojo atatia vingapi?