Anza na Chuo Unakohamia
Wewe uliye chuo cha jamii California na unataka kumalizia sera ya mazingira UC Davis, usianze na ratiba ya chuo chako. Fungua tovuti ya ASSIST kwanza, uone kozi ipi ya kwenu inahesabika kule. Isiyohesabika ni ada na muhula vimekwenda hivyo.

Wengi tunajaza baiolojia tukidhani mazingira ni miti na samaki tu. Kumbe kuna uchumi, wa soko na wa taifa, halafu takwimu. Hesabu nazo (pole) usiziweke muhula wa mwisho.

Unahitaji yuniti 60. Ombi la nafasi ya uhakika, TAG, hupokelewa Septemba 1 hadi 30, mwaka mmoja kabla ya kuhamia. Berkeley hawana TAG.