Mnyama Asemapo kwa Mwili Wake: Somo juu ya Farasi Maksai na Mwenye Kumhudumia

Somo letu la leo limetokana na suali la kijana mmoja wa Kibera, Nairobi, katika kitongoji kiitwacho Soweto East. Nilikwenda huko kwa darasa la jioni, na baada ya sala ya Isha vijana wakabaki wakiuliza masuali yao. Kijana huyu alinyamaza mpaka wenzake walipoondoka, ndipo aliponisogelea na kusema kwa sauti ya chini: "Sheikh, nina suali, lakini naona haya." Nikamwambia: "Uliza, mwanangu. Mwenye kuona haya kuuliza hubaki na ujinga wake."

Kazi yake ni usaisi, yaani kutunza farasi. Huenda wasomaji wa pwani wakastaajabu kusikia Kibera na farasi vikitajwa pamoja. Lakini uwanja wa maonyesho wa Jamhuri umepakana na Kibera, na mbele zaidi katika barabara ya Ngong uko uwanja wa mbio za farasi uliofunguliwa mwaka 1954. Kijana huyu huamka kabla ya alfajiri, akasali, akaenda kwa miguu mpaka bandani kwao. Suali lake lilikuwa hili:

"Bandani kwetu yuko farasi aliyehasiwa. Kila nimpitishiapo burashi mbavuni na tumboni, hushusha dhakari yake. Mwenzangu asema farasi huyu hana adabu, na kila afanyapo hivyo humchapa fimbo papo hapo. Juma lililopita farasi alimrudishia teke la paja. Sasa tajiri wetu asema ama farasi auzwe, ama mmoja wetu aache kazi. Je, ni kweli farasi huyu ana matamanio nasi? Na je, yafaa kumpiga?"

Sikumjibu usiku ule. Hukumu ya kumdhulumu mnyama naijua, lakini tabia ya farasi sikuijua vyema, na tumeamrishwa kuwauliza wenye kujua. Basi nikamuuliza saisi mzee aliyeishi na farasi umri wake wote, nikamuuliza na daktari wa wanyama, kisha nikasoma yaliyochunguzwa na wataalamu. Haya ndiyo niliyoyapata.

KWANZA: MAKSAI NI NANI?

Maksai ni mnyama dume aliyeondolewa korodani. Watu wengi wadhani kuwa mnyama huyo ameondolewa kila kitu cha udume. Sivyo. Kilichoondolewa ni kile kitoacho mbegu na sehemu kubwa ya ile dawa ya mwilini iletayo matamanio. Dhakari imebaki mahali pake, ndani ya ala yake ya ngozi. Mishipa yake imebaki, na ubongo uliokwisha kujifunza mambo ya udume pia umebaki.

Kwa hiyo baadhi ya maksai huendelea kuonyesha tabia za dume mbele ya farasi jike. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 1985 ulikuta kuwa katika maksai mia, ishirini hadi thelathini hivi waliendelea na tabia hizo, wakiwa walihasiwa wadogo au wakubwa. Aidha, pengine korodani moja hubaki tumboni bila kuonekana, na mnyama akadhaniwa maksai ilhali ni dume. Daktari huweza kulijua hilo kwa kupima damu.

Ama hukumu ya kuhasi kwenyewe, wanavyuoni wamehitilafiana: wako waliokataza katika farasi, na wako, kama Mahanafi, walioruhusu panapokuwa na manufaa. Hilo lina somo lake. Saisi hakumhasi farasi, amemkuta hivyo. Linalompasa yeye ni kumtendea kwa uadilifu.

PILI: ALAMA ZA UTULIVU

Hapa ndipo penye jawabu la kijana wetu. Farasi apendezwapo na mkono upitao mwilini mwake, viungo vyake hulegea kimoja kimoja. Kichwa hushuka. Masikio huanguka kando, hayasimami wala hayalali nyuma. Macho hufumba nusu. Mdomo wa chini huning'inia. Hupumua pumzi ndefu. Hupumzisha mguu mmoja wa nyuma, akauegemeza kwenye ncha ya ukwato. Mkia huwa mlegevu.

Na katika viungo vilegeavyo, dhakari ni kimojawapo. Iliyo ndani ya ala imezuiwa na msuli. Msuli ukilegea, dhakari hushuka. Huning'inia laini, nusu au yote, kama mkono wa mtu aliyesinzia kitini. Hayo si matamanio, wala si utovu wa adabu. Ni mwili uliojiona salama. Farasi hushusha vivyo hivyo asinziapo peke yake mchana, na atakapo kukojoa.

Mwaka 1993 ulichapishwa uchunguzi uliofanywa juu ya farasi wa Camargue, Ufaransa. Walikunwa pale farasi wenyewe wapendapo kukunana, yaani penye nundu ndogo iliyo mwisho wa shingo mbele ya mgongo, na mapigo ya moyo yao yakapungua. Basi mkono wa saisi si chombo cha kuondolea vumbi tu. Mkono huo wafika mpaka moyoni mwa mnyama.

TATU: ALAMA ZA KUSISIMKA

Lakini si kila dhakari ishukayo ni ya utulivu, na mwenye akili haangalii kiungo kimoja akasahau mwili mzima.

Farasi aliyesisimka kwa ajili ya jike huinua kichwa na kuipinda shingo. Masikio huelekea mbele, yakawa magumu. Hulia, hupiga ukwato chini, na pengine hukunja mdomo wa juu ili kuivuta harufu. Dhakari huwa ngumu, haining'inii. Hapo saisi asimpige wala asimpigie kelele. Amsogeze mbali na jike, amtembeze kidogo, ampe kazi nyingine, kisha arudi kwenye burashi yake.

Tena yafaa kujua kuwa farasi dume mzima, awe porini au bandani, husimamisha dhakari yake kwa dakika chache takriban kila baada ya saa moja na nusu, pasipo jike wala sababu yoyote ya nje, na akaipigapiga tumboni. Wataalamu wamelihesabu jambo hili kuwa ni la maumbile, na limeonekana kwa maksai pia. Wameonya kuwa kumwadhibu mnyama kwa ajili yake hakuliondoi. Humtia mnyama wasiwasi tu. Saisi alionapo na aendelee na kazi yake, au angoje kidogo.

Alama za kuogopwa ni nyingine kabisa: masikio yaliyolala nyuma yakashikamana na shingo, jicho lionyeshalo weupe, pua na midomo iliyokaza, misuli migumu kama ubao, mkia upigwapo huku na huku au uliobanwa matakoni, na mguu wa nyuma uinuliwao kwa ghafula. Huyo asema: "Umeniumiza," au "Naogopa utaniumiza." Mwenye kuyaona hayo, kisha akaendelea kusugua, akipigwa teke asimlaumu farasi.

Sasa tazama alichokifanya yule mwenziwe kijana wetu. Farasi alikuwa amelegea, amemwamini mtu. Ndipo fimbo ikamjia pale penye ngozi laini kuliko zote. Farasi hawezi kufahamu kuwa apigwa kwa ajili ya haya za wanadamu. Afahamulo ni kuwa burashi ifikapo tumboni, maumivu yafuata. Basi burashi ikikaribia, naye hujihami. Teke lile la paja alifundishwa na fimbo.

NNE: DALILI ZA UGONJWA

Ujinga wa jambo hili una madhara ya pili: asiyejua utulivu hajui na ugonjwa. Dhakari iliyoshuka kwa utulivu hurudi yenyewe farasi aamkapo au atembezwapo. Ikiwa imeshuka na hairudi, imevimba, imebadilika rangi au ina kidonda, hilo si jambo la kungoja kesho. Uzito wake huvuta maji chini, uvimbe ukazidi, na kila uvimbe uzidipo ndivyo kurudi kunavyokuwa kugumu. Imwagiwe maji baridi, iinuliwe kwa kitambaa safi isining'inie, na daktari aitwe mara moja. Huweza kutokea baada ya teke, baada ya pigo la fimbo, au baada ya baadhi ya dawa za kutuliza, kama asepromazini, ambazo huulegeza msuli ule. Kwa hiyo farasi aliyepewa dawa hizo aangaliwe mpaka dhakari irudi ndani.

Kadhalika, penye ncha ya dhakari pana kishimo kidogo ambamo uchafu huweza kukusanyika ukawa kidonge kigumu mfano wa punje ya haragwe. Farasi mwenye kidonge kikubwa huenda akakojoa kwa shida, au akahamaki aguswapo tumboni. Mwenye ujuzi humwondolea kwa upole, kwa maji ya uvuguvugu. Asiyejua asijaribu. Wala ala isisafishwe kila siku kwa sabuni kali, kwani huwasha ngozi na kuondoa mafuta yake.

TANO: ADABU YA KUMKARIBIA

Saisi mzee alinifundisha hivi. Usimjie farasi kwa nyuma. Mjie penye bega, umsemeshe, ili sauti itangulie mkono. Anza kwa kumkuna penye nundu ya shingo, kisha ushuke polepole. Ufikapo tumboni na mapajani, mkono mmoja uwe juu ya mwili wake daima, ili ajue ulipo na wewe uhisi misuli yake ikikaza kabla hajainua mguu. Simama kando yake, karibu na mwili wake, si nyuma ya miguu. Akishusha dhakari, usiicheke, usiiguse, usiipige. Endelea na kazi yako.

Mambo haya hayako mbali na mafundisho tuliyopewa. Imepokewa kuwa Mtume (S.A.W.) alionekana akimpangusa farasi wake uso kwa nguo yake mwenyewe. Imepokewa pia kuwa aliingia shamba la mtu wa Madina akamkuta ngamia mwenye huzuni, akampangusa mpaka akatulia, kisha akamwonya mwenyewe amwogope Mwenyezi Mungu, kwa kuwa mnyama yule alishtakia njaa na uchovu. Ngamia hakuwa na ulimi kama wetu. Alikuwa na mwili, na alipatikana mwenye kuusoma.

Kijana aliniuliza pia juu ya nguo zake wakati wa sala. Jasho la farasi na mate yake ni tohara. Ama mkojo na mavi, katika madhehebu yetu ya Shafii ni najisi. Aoshe pale palipoingia, abadilishe nguo ikimkinika, asali. Kazi yake haina aibu, wala haimzuilii ibada.

SITA: NA PUNDA WETU JE?

Msomaji wa Lamu, Mombasa au Unguja asiseme: "Hayo ni ya watu wa Nairobi wenye farasi." Punda ni jamaa ya farasi, na mengi tuliyoyataja yamhusu. Lamu punda wamebeba mawe, mchanga na chakula katika njia zisizopita gari, na tangu mwaka 1987 iko zahanati ya punda inayowatibu bila malipo. Kwa muda mrefu wanyama hawa wametufanyia kazi, nasi tumewasoma kidogo. Tena punda huficha maumivu kuliko farasi. Asimamapo kimya twadhani hana neno, kumbe yu mgonjwa.

Nami siandiki haya kama mtu asiyekosa. Nilipokuwa mtoto tuliambiwa kuwa punda ashushaye mbele ya watu ni mpotovu, apigwe. Nilimpiga punda wa ami yangu kwa kiboko cha mnazi, wakubwa wakacheka, nami nikaona nimefanya la adabu. Miaka mingi imepita. Sikujua mpaka usiku ule wa Soweto East kwamba yule punda alikuwa amepumzika tu.

Nilimpelekea kijana jawabu: farasi wake hana matamanio naye, kumpiga ni dhulma, tena ni hatari kwa mpigaji. Alimsomea mwenziwe mambo haya. Baada ya miezi miwili alinipa habari: farasi hakuuzwa, na wote wawili wangali kazini. Kwa kijana huyu farasi husimama kwa utulivu na kushusha kama kwanza. Kwa yule mwenziwe bado hulaza masikio akimwona, ijapokuwa fimbo imekwisha kutupwa. Kuivunja amani ya mnyama ni kazi ya siku moja. Kuirudisha yataka subira.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.

MASUALI YA DARASA

1. Taja alama tano za farasi aliyetulia, na alama tano za farasi aliyekasirika au aliyeogopa.

2. Kwa nini fimbo humfundisha farasi kupiga teke?

3. Ni lini dhakari iliyoshuka humpasa saisi kumwita daktari?

4. Je, ni mnyama gani nyumbani kwako au mtaani kwako uliyemwadhibu kabla ya kumfahamu?