Barua Haitaji Mimba: Tupange Tarehe



Katika kutembelea vikundi vya Konoin, Bureti na Belgut tumesikia jambo moja likirudiwa. Mama mchumaji chai anaachishwa kazi akiwa na mimba ya miezi mitano au sita. Akiulizwa kwa nini, anajibu, "Walisema kilo zangu zimepungua." Tukimwuliza kama ni mimba iliyomfukuzisha, anasema, "Hapana, barua haikusema hivyo."

Barua haitasema hivyo kamwe. Mwajiri yeyote mwenye karani anajua sheria inakataza, kwa hiyo ataandika kilo, au nidhamu, au msimu umekwisha, au mashine imeletwa. Tukisoma barua peke yake tutadanganyika. Tusome tarehe.

Mama mmoja alitujia na karatasi zake amezifunga ndani ya leso. Shamba alilofanyia kazi hatulitaji. Tulizitandaza mezani, ya zamani upande wa kushoto, mpya upande wa kulia. Karatasi za kilo za miaka sita, bila barua ya onyo hata moja. Halafu kadi ya kliniki. Wiki mbili baada ya kliniki, karatasi ya muuguzi aliyomwonyesha nyapara, ikiomba asibebe kikapu kizito. Siku kumi baadaye, onyo la kwanza. Mwezi haukuisha, barua ya kufutwa kazi. Yule mama aliziangalia kimya, kisha akasema, "Kumbe iko hapa."

Ndiyo, ilikuwa hapo. Lakini alikuwa amengoja kwanza ajifungue, na sasa ulikuwa mwezi wa tano tangu kufutwa. Sheria inampa mtu miezi 3 tu, tangu siku ya kuachishwa, kupeleka malalamiko kwa afisa wa leba. Mlango wa mahakama ulikuwa bado wazi, maana huko muda ni miaka 3, lakini njia hiyo ni ndefu zaidi, na nyumba ya kambini alikuwa amekwisha kuondolewa pamoja na watoto. Ni kwa ajili yake tunaandika somo hili.

Sasa sheria yenyewe. Katiba ya 2010, kifungu cha 27, inataja mimba kwa jina kati ya mambo ambayo mtu hawezi kubaguliwa kwayo. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, inasema hivyo hivyo kuhusu kazi, tangu kuandikwa mpaka kuachishwa. Kwa hiyo mama anayekataliwa mlangoni kwa sababu tumbo linaonekana, naye amebaguliwa. Kifungu cha 46 kinasema kwamba mimba, au sababu yoyote inayohusiana na mimba, si sababu ya haki ya kumwachisha mtu kazi. Shikeni maneno hayo, "sababu yoyote inayohusiana na mimba." Kama kilo zilishuka kwa kuwa mama hakuweza kuinama na kubeba kama zamani, au alikosa siku mbili akienda kliniki, basi kilo hizo na siku hizo zinahusiana na mimba. Bosi akisema, "Sikumfukuza kwa mimba, nilimfukuza kwa kilo," bado hajajibu swali.

Tena kabla ya kumfukuza mtu kwa kazi mbaya au utovu wa nidhamu, mwajiri lazima amweleze kosa kwa lugha anayoielewa, na amsikilize, akiwa na mfanyakazi mwenzake au mjumbe wa chama cha wafanyakazi. Mama aliyeambiwa tu na nyapara asubuhi kwenye mizani, "Wewe usirudi kesho," hakusikilizwa.

Likizo ya uzazi ni miezi 3 kwa mshahara kamili, na likizo ya mwaka haipotei. (Chini ya sheria ya 1976 ilikuwa miezi 2, na mama aliyeichukua alipoteza likizo yake ya mwaka huo. Akina nyanya wetu wengi walichuma chai chini ya sheria hiyo, na ndiyo maana bado wanawaambia mabinti zao washukuru wanachopewa.) Mama anatakiwa kumwandikia mwajiri angalau siku 7 mapema, na akimaliza likizo arudi kwenye kazi yake au nyingine inayomfaa, bila kupunguziwa masharti. Akirudi akute jina lake halipo kwenye orodha, hiyo ni dalili kubwa.

Lazima tuwe wakweli pia. Si kila mja mzito anayeachishwa amebaguliwa. Mashine za kuchuma chai zimeondoa watu wengi katika mashamba ya Kericho na Bomet, wanaume kwa wanawake. Hapo swali letu ni: nani walichaguliwa kuondoka, na kwa kipimo gani? Sheria inataka chama na afisa wa leba wajulishwe mwezi mmoja kabla, watu wachaguliwe kwa kuangalia miaka yao ya kazi, ujuzi na uaminifu wao, na kila mmoja alipwe angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliotimiza. Ikiwa mama wa miaka tisa ameondolewa na kijana wa mwaka mmoja amebaki, na wajawazito wote wa kambi wamo katika orodha, hapo mashine ni kisingizio.

Na vibarua? Wengi wanaamini kibarua hana lake. Si kweli. Kibarua aliyefanya kazi siku za mfululizo zisizopungua mwezi mmoja, au kazi ambayo kwa kawaida haiwezi kumalizika kabla ya miezi 3, sheria inamhesabu kama mwenye mkataba. Kuchuma chai si kazi ya wiki moja, tunajua sote.

Kuna jambo jingine, gumu kulisema kanisani. Mwezi Februari 2023 BBC ilitangaza habari ya mashamba ya chai ya Kenya, Kericho ikiwemo, ambamo wanawake zaidi ya 70 walieleza kunyanyaswa kingono na wasimamizi wao. Mara nyingine mwenye kumwondoa mja mzito ndiye anayejua mimba ni ya nani. Mama wa namna hii hatasema mbele ya mkutano. Mwenyekiti asimlazimishe. Atafutwe mama mmoja anayeaminika, wakae wawili.

Kuhusu kuthibitisha, watu huogopa bure. Mama anatakiwa aonyeshe yaliyomtokea mpaka yaeleweke. Kazi ya kuonyesha kwamba hakukuwa na ubaguzi, sheria imemwekea mwajiri. Mwaka 2013 mahakama ya kazi iliamua kwamba mfanyakazi wa Bank of Africa Kenya alibaguliwa kwa mimba, ingawa mwajiri alikuwa na sababu nyingine ya kutoa. Benki si shamba la chai, lakini sheria ni ile ile.

Basi mama akija kikundini na habari hii, katibu achukue daftari apige mstari mrefu. Aandike tarehe ambayo nyapara au ofisi ilijua mimba, na ilijuaje. Aandike tarehe ya kila onyo, na ya kuachishwa. Chini yake aandike wenzake wa genge moja walikuwa na kilo ngapi wiki zile zile na walifanywa nini. Kisha ahesabu siku 90 kutoka kuachishwa na kuizungushia duara siku ya mwisho. Twende kwa afisa wa leba mapema, pamoja na mjumbe wa chama kama mama ni mwanachama wa KPAWU. FIDA Kenya husaidia akina mama katika mambo ya sheria, na Kericho kuna Mahakama ya Ajira.

Na tafadhali, asitie sahihi wala kidole gumba kwenye karatasi asiyoielewa. Karatasi nyingine huwa imeandikwa kwamba ameacha kazi kwa hiari yake.

Kazi ya kikundi: mkutano ujao watu watatu waigize nyapara, mama na karani wa ofisi. Karani asome barua isiyotaja mimba popote. Wengine waulize maswali mpaka tarehe zitoke. Halafu kila mwanamke anayechuma chai aeleze karatasi zake za kilo anazihifadhi wapi. Asiyekuwa na mahali, kikundi kimtafutie bati lenye kifuniko.